UZI: Programu ya kuingia kwenye kompyuta kwa alama ya kidole, tuijenge vipi isivunjwe kwa dakika tano?

KodiKampala (mleta uzi)

Wadau, salaam. Naleta mada hii kwa sababu ofisi nyingi hapa Uganda, hasa SACCO, zahanati na maduka ya jumla, zinawaomba vijana wa kompyuta kitu kilekile: karani aweke kidole kwenye skana, Windows ifunguke, habari ya nywila iishe. Naelewa kwa nini wanakitaka. Kwenye kaunta nyingi nywila ya keshia imebandikwa chini ya kibodi, watu watatu wanaijua, na jioni hesabu zikikataa kulingana kila mmoja anaapa si yeye aliyekuwa amekaa pale.

Wazo ni zuri. Ninachogombana nacho ni namna linavyojengwa.

Ushirika mmoja wa akiba uliniita nikague programu ambayo walikuwa wamekwisha kuilipia. Kwa macho ilipendeza: taa ya skana inawaka, unabonyeza kidole, sekunde moja umeshaingia. Nikafungua rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kwenye kompyuta ya keshia. Nywila za wafanyakazi wote zilikuwa humo, zimegeuzwa kwa Base64 tu, kitu ambacho mtu yeyote anakirudisha kwa amri moja bila kuhitaji ufunguo. Kwenye folda ya programu kulikuwa na DLL, faili la kodi linaloitwa na programu, yenye kazi moja: inalinganisha vidole, kisha inajibu 1 au 0. Ikijibu 1, programu inachota nywila kwenye rejista na kuikabidhi Windows. Na kwa kuwa akaunti ya keshia ilikuwa na mamlaka ya msimamizi, nikaweka mahali pake DLL nyingine yenye jina lilelile, inayojibu 1 siku zote. Meneja akaweka kidole ambacho hakijawahi kusajiliwa popote. Mashine ikamfungukia kama keshia mkuu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza pesa zao zinarudi vipi.

Hoja yangu yote iko hapo. Jibu la "ndiyo" ni biti moja, na biti moja inaghushiwa na yeyote anayeweza kuigusa programu. Kidole kinatakiwa kufungua ufunguo wa siri, na ufunguo huo ndio uende Windows. Kama programu yako inaweza kumwingiza mtu bila kidole kwa kubadilisha mstari mmoja wa kodi, ujue siri yote iko kwenye diski na skana ni pambo.

Sasa tuone Windows yenyewe inavyofanya kazi, maana wengi wanaanza kuandika kabla ya kuielewa.

Hadi Windows XP kulikuwa na GINA, sehemu iliyosimamia skrini ya kuingia, faili la msgina.dll. Ukiibadilisha, umeushika mlango mzima. Kuanzia Vista, Microsoft iliiondoa GINA ikaleta utaratibu wa Credential Provider. Hii ni moduli, kipande cha programu cha mtindo wa COM wa Microsoft, inayopakiwa ndani ya LogonUI.exe, programu ya skrini ya kuingia. Inachora kigae cha mtumiaji kwenye skrini, inakusanya hati za kuingilia, inazipanga kwa umbo linaloeleweka na LSA, sehemu ya Windows inayothibitisha watumiaji, kisha inazikabidhi. Kazi yake inakomea hapo. Anayeamua kama mtu aingie ni LSA, au seva ya domeini, ile inayosimamia akaunti za ofisi nzima, kama mnayo. Na LSA haijui kidole ni nini. Inajua jina na nywila, au cheti cha kadi janja. Vijana wakifika hapo wanakwama, wanachukua njia ya mkato ya kuhifadhi nywila pembeni, na ndiyo yaliyoukuta ule ushirika.

Jambo lingine kuhusu moduli hiyo: ifanye nyembamba uwezavyo. Usizungumze na skana moja kwa moja ukiwa ndani ya LogonUI. Draiva ya USB ikiganda, skrini ya kuingia inaganda nayo, na moduli ikianguka unaweza kukosa kabisa pa kuingilia. Weka kazi ya skana kwenye huduma ya Windows inayojitegemea, moduli izungumze nayo kupitia njia ya ndani yenye ruhusa kali, ili programu ya mtumiaji wa kawaida isiweze kujifanya ndiyo skrini ya kuingia. Na majaribio yote yafanyike kwenye mashine pepe ambayo unaweza kuirudisha ilivyokuwa. Usijaribu kwenye kompyuta ya mteja hata akikubembeleza.

Kingine ambacho sijaona kikitajwa: Safe Mode. Ukiwasha kompyuta kwa Safe Mode, hali ambayo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, kwa kawaida moduli za watu wa nje hazipakiwi, inabaki nywila tu. Wakati wa majaribio hiyo ni nusura yako. Wakati wa kazi ni tundu, kwa sababu keshia anayeijua nywila yake anakikwepa kidole kwa kuwasha upya tu. Basi nywila ya akaunti iwe ndefu, ya nasibu, imetengenezwa na mashine, na mwenye akaunti mwenyewe asiijue.

Karibuni, nitaendelea na muundo ninaoupendekeza.

Afande_Mstaafu

Kijana, umesema vizuri, lakini mbona Windows ina Windows Hello tayari? Kwa nini mtu aandike programu yake? Sisi kwenye mawasiliano tulifundishwa kutotengeneza kufuli lako mwenyewe kama lipo lililojaribiwa.

KodiKampala

Afande, nakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa. Kama kila mfanyakazi ana laptopu yake yenye sensa ya kidole, tumieni Windows Hello, msiandike hata mstari mmoja. Ilikuja na Windows 10 mwaka 2015, na inafuata kanuni ninayoililia: kidole kikitambuliwa kinaruhusu ufunguo uliomo ndani ya TPM, chipu ya kutunza siri kwenye kompyuta, utumike, na nywila haisafiri. Alama yenyewe haitoki kwenye kifaa.

Lakini hiyo sifa ya mwisho ndiyo inayotutatiza kwenye kaunta. Kidole kimesajiliwa kwenye mashine ileile tu. SACCO yenye kaunta sita na makeshia wanaopokezana ingebidi isajili kila mtu kwenye kila mashine, na Microsoft imeweka kikomo cha watu 10 kwa kifaa kimoja. Keshia akihamishwa kutoka tawi la Masaka kwenda Mbarara, anaanza upya. Akiacha kazi, unazunguka matawi kumfuta. Hapo ndipo mfumo wenye seva unapohitajika, na hapo tu.

LinuxJinja

Sisi wa Ubuntu tuna fprintd na pam_fprintd, programu za Linux za kuingia kwa kidole, dakika mbili kazi imekwisha. Windows mnajitesa.

KodiKampala

Ndugu yangu wa Jinja, libfprint na fprintd ni kazi nzuri sana na kodi yake iko wazi, kila anayejifunza aisome. Ila angalia kinachotokea ukiingia GNOME, mazingira ya skrini ya Ubuntu, kwa kidole: mara nyingi baada ya hapo unaombwa nywila ya kufungua hazina ya nywila zako. Hazina imesimbwa kwa nywila yako, na pam_fprintd ilichosema kwa PAM, sehemu ya Linux inayothibitisha watumiaji, ni "amekubaliwa", haikutoa siri yoyote ya kuifungulia. Ni tatizo lilelile la biti moja. Tofauti ni kwamba Linux wameliacha wazi bila kulifunika kwa nywila iliyofichwa kwenye faili, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Sasa muundo wenyewe. Nazungumzia ofisi yenye kaunta kadhaa, seva moja, na skana za USB za kawaida.

Keshia anaandika namba yake ya kazi kwanza. Msimwondolee hatua hii kwa kutaka urahisi. Chukua skana na programu zinazokosea kukubali mara 1 katika ulinganisho 10,000. Ukiuliza "je, hiki ni kidole cha namba 17?", hatari ni hiyo hiyo. Lakini ukiuliza "hiki ni kidole cha nani?" katika ofisi yenye wafanyakazi 40 waliosajili vidole viwili viwili, unalinganisha na vidole 80 kwa mpigo, na hatari inakuwa karibu 80 katika 10,000, yaani mara 1 katika majaribio 125 hivi. Asubuhi chache tu na mtu atafunguliwa akaunti ya mwenzake bila hata kukusudia. Apple ilipotoa Touch ID ilitaja 1 katika 50,000 kwa kidole kimoja, tena wakaweka kikomo cha majaribio matano kabla ya kudai nywila. Ninyi pia wekeni kikomo.

Baada ya namba, seva inatuma namba ya nasibu ya kutumika mara moja. Huduma kwenye kompyuta inasoma kidole, inatoa kiolezo, yaani muhtasari wa alama zake, inakituma pamoja na ile namba kwa TLS, njia iliyosimbwa, na kila mashine inajitambulisha kwa cheti chake. Seva inalinganisha. Ikiridhika, inatoa cheti cha kuingilia chenye uhai wa dakika chache kwa ufunguo uliozaliwa ndani ya TPM ya mashine ile, na Windows inaingia kwa njia ya kadi janja kupitia Kerberos, itifaki ya domeini ya kuthibitisha watumiaji. Hakuna nywila iliyolala kwenye kompyuta ya kaunta, na hakuna DLL ya kubadilisha ikakusaidia, maana uamuzi uko kwenye seva na cheti hakipo mpaka kitolewe.

Kama hamna domeini, kuna namna hafifu zaidi lakini inayovumilika: seva inatunza nywila ndefu ya nasibu kwa kila akaunti, inaitoa kidole kikikubaliwa, na kuibadilisha baada ya kila kuingia. Aliyeinasa leo, kesho haimfai.

Na jamani, simbeni diski. Mtu akiichomoa diski, au akiiwasha kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi, skrini yenu ya kidole haijui hata kama ameingia. BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, iwashwe. Matoleo ya Home ya Windows hayana BitLocker kamili, basi bei ya toleo la Pro iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

MuuguziArua

Kaka, asante kwa maelezo. Mimi niko kituo cha afya huku Arua. Tumewekewa kidole kwenye kompyuta ya takwimu na kinatutesa. Tunanawa mikono mara nyingi, tunapaka sanitaiza, vidole vimekauka, mashine inakataa. Mwenzangu anasugua kidole kwenye paji la uso ndipo inakubali. Hii ni kawaida?

KodiKampala

Dada yangu, ni kawaida kabisa, na mwenzako hakosei. Skana nyingi za kioo zinahitaji unyevu na mafuta kidogo ili mstari wa ngozi ugusane na kioo sawasawa. Kidole kikavu kinatoa picha iliyokatikakatika.

Niieleze kidogo kwa ajili ya wanaobuni. Skana ya kawaida inasoma nukta 500 kwa inchi, karibu nukta 20 kwa milimita. Mistari ya kidole cha mtu mzima imeachana kama nusu milimita, kwa hiyo mstari mmoja na bonde lake vinapata nukta tisa au kumi tu kwenye picha. Programu inasafisha picha, inaifanya nyeusi na nyeupe, inaikondesha mistari mpaka upana wa nukta moja, kisha inatafuta mahali mbili: mstari unapokomea na mstari unapogawanyika. Kila mahali pakiandikwa na mwelekeo wake, unapata kiolezo kisichofika hata kilobaiti chache. Kidole kikikauka, mstari mmoja unaonekana kama vipande vitano, kila kipande kinahesabiwa kuwa na mwisho, na programu inakusanya nukta za uongo. Ndiyo maana inakukataa: haikuoni wewe, inaona nyufa. Nimeona kidole cha mtunza ghala wa saruji kwenye skrini, kikikuzwa kikajaa kioo. Katikati kulikuwa na doa jeupe tupu, mistari imelika, na programu ilikuwa imechora nukta nyekundu kuzunguka ukingo wa doa kana kwamba zote ni alama za kuzaliwa nazo. Yule baba alikuwa ameambiwa na mkubwa wake kwamba anabonyeza vibaya.

Kwa hiyo usajili ndio wa kutumia muda. Sajili vidole visivyopungua viwili, kimoja cha kila mkono, kila kimoja mara kadhaa, na programu ipime ubora wa picha kabla ya kuikubali. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wametoa NFIQ 2 bure kwa kazi hiyo, inatoa alama kuanzia 0 hadi 100. Picha mbovu ikataliwe siku ya usajili, mbele ya fundi, isisubiri Jumatatu asubuhi kukiwa na foleni.

Kwa kituo cha afya kama chenu, maoni yangu ni kwamba kidole si chaguo zuri la kwanza. Mnavaa glavu, mnanawa, na ni kioo kimoja kinachoguswa na wote. Mnakumbuka Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, kila kitu cha kugusana kilivyotazamwa kwa hofu. Kadi janja na PIN fupi ingewafaa zaidi. Waambie waliowafungia, na kama hawana njia mbadala kwenye programu, hilo ni kosa la muundo na si la mikono yenu.

Afande_Mstaafu

Na wale wanaotengeneza kidole cha bandia? Nimesikia inawezekana.

KodiKampala

Inawezekana, Afande, na si jambo jipya. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake kule Yokohama walitengeneza vidole kwa jelatini ya kupikia, wakazilaghai skana nyingi walizozijaribu. Mwaka 2013, siku chache tu baada ya Apple kutoa iPhone 5s, Chaos Computer Club ya Ujerumani ilionyesha kidole bandia kilichotokana na alama iliyoachwa kwenye kioo. Skana zenye uwezo wa kupima uhai wa kidole zinapunguza hatari. Lakini kwa kaunta iliyo mbele ya watu na kamera, mimi naogopa zaidi waya kuliko jelatini.

Nina maana hii. Novemba 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence, kwa ombi la Microsoft yenyewe, waliipenya Windows Hello kwenye laptopu tatu: Dell Inspiron, Lenovo ThinkPad na kibodi ya Surface Pro. Hawakutengeneza kidole chochote. Walishambulia mazungumzo kati ya sensa na kompyuta. Microsoft ina itifaki ya kuyalinda, inaitwa SDCP, lakini kwenye mashine mbili kati ya tatu haikuwa imewashwa. Kwenye Surface kifaa chochote cha USB kingeweza kudai kwamba ndicho sensa. Makampuni makubwa hayo! Basi fikiria skana ya bei nafuu inayotuma picha kavu kwenye USB. Kwa hiyo mashine ya kaunta ifungwe: bandari za USB zisizotumika zizimwe, huduma ya skana ikubali kifaa chenye namba kilichosajiliwa tu, na keshia asiwe msimamizi wa kompyuta. Ukweli niuseme: skana isiyoweza kusaini picha zake haiwezi kulindwa kikamilifu dhidi ya mtu aliyeishika mashine nzima. Kwa miamala mikubwa dai idhini ya mtu wa pili.

DadaBusia

Samahani kaka, mimi si mtu wa kodi, ni meneja wa SACCO ndogo hapa Busia. Maswali mawili. Vidole vyetu si viko NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, tayari, na vya laini za simu pia? Kwa nini tusitumie hivyo? La pili, mtandao ukikatika au umeme ukienda, wateja wangu wanasubiri mpaka lini?

KodiKampala

Dada, maswali yako ndiyo ya kuanzia mradi wowote, nashukuru umeuliza.

La kwanza: hapana. Alama zilizochukuliwa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa zilichukuliwa kwa kazi hiyo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka data ichukuliwe kwa sababu iliyotajwa, kwa kiasi kinachohitajika, na mwenye data ajue. Ninyi mkichukua vidole vya wafanyakazi mnakuwa na wajibu huo huo: mjisajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, mfanyakazi aelezwe na aridhie, asiyetaka apewe kadi, na data ikivuja mtoe taarifa mara moja. Akiacha kazi, kiolezo chake kifutwe, pamoja na kilichomo kwenye nakala za akiba.

Nasisitiza kufuta kwa sababu watu wengi wanajifariji kwamba kiolezo si picha, hakina madhara. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna walionyesha kwamba kutoka kwenye kiolezo cha kawaida cha ISO unaweza kuunda upya picha ya kidole inayokubaliwa na mifumo mingine. Na huwezi kukifanyia heshi kama nywila, yaani kukigeuza kuwa msimbo usiorudishika, kwa kuwa kidole hakisomwi sawasawa mara mbili. Kinachobaki ni kukisimba, ufunguo ukae kwenye TPM ya seva, na kuhifadhi vichache iwezekanavyo. Wamarekani walipoibiwa kumbukumbu za watumishi wa serikali yao mwaka 2015, alama za watu milioni 5.6 zilikwenda. Wale watu hawawezi kupewa vidole vipya. Keshia wako wa Busia ana vidole kumi tu vya kutumia maisha yake yote, kwenye simu yake, benki yake na kitambulisho chake. Ukimwajiri miaka miwili, usimwachie hasara ya miaka arobaini.

La pili. Umeme: seva, swichi na kompyuta za kaunta ziwe kwenye UPS, vinginevyo kila umeme unapokatika mnaanza upya. Mtandao: kama seva iko ndani ya ofisi yenu, intaneti ikikatika hamdhuriki, na kwa SACCO ndogo napendekeza hivyo hasa. Kama seva iko makao makuu, kila tawi liwe na misimbo ya dharura ya kutumika mara moja, imechapwa, iko kwenye bahasha ndani ya sefu. Meneja na mtu wa pili wanaifungua pamoja, wanaandika kwenye daftari saa na jina la keshia, na msimbo unamwingiza kwa zamu moja tu. Mtandao ukirudi, seva inaomba maelezo ya kila msimbo uliotumika na kutoa mipya.

Na skrini ijifunge yenyewe keshia akiinuka. Dakika mbili bila kuguswa inatosha kwa kaunta. Kufungua tena kuwe ni kidole tu bila namba, kwa kuwa mashine inajua tayari inamsubiri nani. Makeshia wakiona kurudi ni kazi ya sekunde moja, hawataona sababu ya kuiacha wazi.

Wiki ijayo naweka hapa kodi ya ile huduma ya skana. LinuxJinja, wewe na wengine wenye skana za aina tofauti mnijaribie, hasa kwa mikono mikavu kama ya dada wa Arua, mniletee namba za NFIQ mnazozipata.